Kambo Alinililia Nikiwa Muzima

Jina la Yesu liinuliwe juu, ndugu zangu. Nimesikia amina yenu, na ni ndogo. Mimi ni mwanamuke wa soko, siondoki na kipimo bila nyongeza. Muitike tena. Sasa inatosha, tunaweza kuanza.

Wengi wenu munanijua kwa vitenge ninavyouza na kwa namna ninavyobishana bei. Wenye umri mukubwa kidogo wananikumbuka kwa jambo lingine: mimi njo nilikuwa yule mutoto wa sinema. Wakati wa Zaïre, nikiwa bado shule ya primere, sura yangu ilitembea juu ya kitambaa cheupe kutoka hapa Kalemie mupaka Pepa, Kiambi na Ankoro. Kila mara watu wananiuliza nilianzaje. Nitawaambia leo, na si kwa kujisifu. Nilianza kwa kufa. Mungu njo alinitoa pale.

Baba yangu alikuwa ameshafariki. Mama aliuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni, na mimi nilikaa kando ya meza yake. Nilikuwa na kazi yangu: muteja akikataa bei na kurudisha samaki, niliwaangalia wale samaki kama vile nilikuwa nategemea kuwala mimi mwenyewe na sasa tumaini limekwisha. Sikusema neno. Nilimeza mate tu, polepole. Wateja wengi walirudi.

Siku moja aliyerudi alikuwa mwanaume wa Kinshasa. Alinunua, akacheka, na kesho yake akaja tena na kamera begani. Miaka ile hakuna aliyeruhusiwa kuitwa bwana, kila mutu alikuwa sitwayeni, njo kusema raia. Sisi watoto tukamwita huyu Sitwayeni tu, kana kwamba wengine wote walikuwa wageni wa nchi. Alitaka kutengeneza sinema ya kuonya watu wasijaze mitumbwi kupita kiasi. Alihitaji mutoto wa kuzama.

Mama na yeye walibishana bei asubuhi nzima. Yeye alipandisha, Mama alifukuza nzi. Mwisho walipatana. Siku ya kazi yenyewe, Sitwayeni aliponiona nimezama akaomba nizame tena, sababu jua liliingia vibaya. Mama akasimama mbele ya kamera.

“Sitwayeni, bei tuliyopatana ni ya kufa mara moja.”

Akaongezewa. Nikafa tena.

Kuzama hakukunisumbua. Mimi ni mutoto wa kando ya ziwa, na vijana walikuwa chini ya maji wananishika miguu. Shida ilianza pwani. Walinilaza juu ya mukeka, wakanifunika na kitenge cha Mama, na Sitwayeni akawaita mama wa soko waje kunililia. Hapo alikosea, maana alikuwa mutu wa Kinshasa na hakuwajua. Mama zetu hawajui kulia kwa muchezo. Walianza na sauti za uongo, wengine wakichekacheka. Kisha mumoja akamutaja mutoto wake ambaye ziwa lilimuchukua kweli. Wa pili akamutaja muume wake. Baada ya hapo sinema ikaisha, kikabaki kilio. Sitwayeni alipiga kelele waache. Nani angemusikia?

Nami nilikuwa chini ya kitenge, nasikia jina langu linaitwa katikati ya majina ya wafu. Machozi yaliangukia kitambaa juu ya uso wangu, yalikuwa ya moto. Nikaogopa. Nikajaribu kuinuka. Mukono wa mama mumoja ukanirudisha chini, kwa upole kabisa.

“Lala, mutoto. Hatujamaliza.”

Ndugu zangu, hofu iliniingia pale. Lakini ilikaa kimya kwanza, kama mwenye kudai deni jipya.

Sinema ilipoonyeshwa hapa mujini, nikawa mutu mukubwa. Watoto walinifuata njiani wakizama kwa kuniiga, hata palipokuwa na vumbi tu. Mwalimu alinihamishia deski ya mbele. Sitwayeni akatuma habari kwamba anataka kutengeneza nyingine, kubwa zaidi, na kwamba hataki mutoto mwingine ila mimi. Gari la sinema, pamoja na mashine yake ya umeme, likaendelea kuzunguka mikoa ya ndani.

Likafika Ankoro. Na Ankoro kulikuwa na Kambo, mama mwenye kumuzaa baba yangu.

Musimucheke Kambo. Maisha yake yote alikuwa ameona sinema moja tu, nayo ilikuwa ya habari: daraja linafunguliwa, askari wanapita, mukubwa wa nchi anapeana mikono. Kwake kile kitambaa kilionyesha mambo yaliyokwisha kufanyika. Sasa amekaa mbele kabisa, na anamuona mutoto wa marehemu mwanawe anazama, anafunikwa na kitenge ambacho yeye mwenyewe alimupa Mama, na watu wa Kalemie wanamulilia kwa machozi ya kweli. Mulitaka aseme nini? Alisimama akaanza kilio palepale. Kambo alinyoa nywele, akalala chini majuma yote ya kilio kama desturi inavyotaka.

Na alifanya jambo moja zaidi. Mimi na yeye tulikuwa majina: nilipozaliwa nilipewa jina lake, Ngoie. Ndiyo sababu aliniita muke mwenzake na kunitania kwamba nimekuja kumunyang'anya babu. Aliposhaamini nimekufa, hakutaka jina lipotee. Mutoto wa kike akazaliwa kwa jamaa, Kambo akamupa yeye jina lile.

Sisi hatukujua lolote. Tulijua siku baba mudogo, Papa Kyungu, alipoingia uwanjani kwetu kutoka Ankoro akilia, na kuku wa kilio kwapani. Mimi nilikuwa namenya muhogo. Nilimusalimia. Papa Kyungu akanyamaza kama radio iliyokwisha betri. Kuku akaanguka, akaenda zake.

Mama alimueleza yote, tangu kamera mupaka bei. Alielewa, hakuwa mujinga. Lakini nilipomunyooshea mukono hakuupokea. Alikaa upande wa pili wa uwanja na kusema na Mama kana kwamba sipo. Alisema kwa jamaa yetu, mutu akishaliliwa mupaka mwisho, na jina lake likapewa mwingine, mulango wake umefungwa. Akionekana bado anatembea, ni kwamba kifo kimechelewa njiani, na kitakuja kuchukua chake. Alisema vilevile kwamba maji njo yalianza, kwa hiyo maji njo yatamaliza.

Kisha akamukamata kuku wake na kuondoka naye. Mama alijaribu kumubakisha kuku, na hakufaulu. Sikuwa nimewahi kumuona Mama akishindwa.

Tangu siku ile sikuwa na usingizi. Asubuhi nilitoka nje kwanza kuangalia kama bado nina kivuli. Nilihesabu vidole vyangu, nikavirudia, sababu nilisikia kwamba wafu wanapungukiwa na kitu kidogo. Nilikataa kukaribia ziwa, na mutu wa Kalemie aende wapi asikokaribia ziwa? Likiwa na mawimbi tulilisikia mupaka kitandani. Mwalimu alipoita majina nilinyamaza. Niliogopa kuitika jina la mutoto mwingine. Habari zilienea sokoni, na mama walewale walionililia wakaanza kuniwekea chenji juu ya meza, wasiniguse mukono.

Sitwayeni alirudi na sinema yake ya pili. Mama akamwambia angoje. Akauliza angoje nini. Mama akaanza kupanga upya ndakala zake.

Tulijaribu mengi, ndugu zangu. Kuna mutu aliahidi kuifungua njia yangu kwa mbuzi wawili, na Mama akamuuliza kwa nini mimi nilifungwa bila mbuzi hata mumoja. Mwisho alinipeleka kwa Muchungaji wetu, muzee aliyefanya kazi ya reli zamani na aliyesema taratibu kama treni inayopanda. Nilingoja anitikise na kunikemea. Hakunitikisa. Aliuliza nani alinililia. Nikasema Kambo.

“Yesu pia mama yake alimulilia,” akasema. “Alifunikwa kitambaa kama wewe. Wanawake wakaja na marashi ya bei kali, wakayarudisha nyumbani. Wewe si wa kwanza kuliliwa mapema, mutoto.”

Alisema nitabatizwa. Nitazikwa majini pamoja na Yesu na kutoka pamoja naye, na nikishatoka, kifo hakina tena cha kuchukua kwangu. Nikamuuliza wapi. Akataja pwani ileile ya sinema. Na akasema Kambo awepo, sababu aliyeniona nikiingia njo anapaswa kuniona nikitoka.

Nililia pale bironi, ofisini kwake, kuliko mama wote wa soko.

Mama alituma habari Ankoro kwamba Kambo aje kumaliza kilio. Hakusema uongo. Kambo alishuka mutoni kwa mutumbwi mupaka Kabalo, akapanda treni. Nilikwenda na Mama kumupokea gare, pale treni inaposimama. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe, fupi. Aliniona. Akageuza uso upande wa behewa na kumuuliza Mama atalala wapi. Kwetu alikataa kuingia, akalala kwa Muchungaji. Aliyekuwa ananiita muke mwenzangu na kunifichia karanga kwenye pindo la kitenge, sasa nikipita anaangalia ukuta. Hilo lilinichoma kuliko hofu ya maji.

Usiku wa mwisho nilibishana bei na Mungu. Nilimwambia: Baba, ukinitoa muzima nitakutumikia siku zangu zote. Usiponitoa, ujue hasara ni ya sisi wawili. Hakujibu. Mama alinifundisha kwamba mwenye kunyamaza njo mwenye nguvu.

Siku yenyewe pwani ilijaa kuliko siku ya sinema. Watu walikuja kuona kama nitatoka, kwa nini niwafiche? Mama wa soko walikuwa pale, wameshafunga vitenge kiunoni kabisa, tayari kwa lolote. Ziwa lilikuwa na mawimbi madogo. Kambo alikaa juu ya mutumbwi uliopinduliwa muchangani, ametupa mugongo.

Waliotangulia waliingia na kutoka. Zamu yangu ikafika na miguu ikakataa. Muchungaji alisimama majini, amenyoosha mukono, hakuniita. Alingoja. Niliingia mupaka magoti, mupaka kiuno. Akaniuliza kama alivyowauliza wote:

“Unaitwa nani?”

Nilifungua kinywa. Ningesema nini? Jina langu lilikuwa kule Ankoro, limefungwa mugongoni mwa mama mwingine, linanyonya. Nilimuangalia Mama. Alikuwa ameshika kinywa chake kwa mikono miwili, maana desturi ya kanisa letu ni kwamba anayebatizwa njo anajibu. Muchungaji akauliza tena. Nikaona kifo kimefika sasa, kimesimama kwenye foleni nyuma yangu.

“Ngoie.”

Haikuwa sauti yangu. Kambo alikuwa amesimama, amegeuka, ananiangalia mimi, usoni, mara ya kwanza.

“Anaitwa Ngoie,” akasema. “Ni majina wangu, muke mwenzangu. Yule mutoto wa Ankoro tutamutafutia lingine. Na wewe Muchungaji, usimukalishe sana mu maji. Mimi nimeshalia ya kutosha.”

Nikashuka. Chini ya maji kulikuwa kimya, giza la kijani, kama chini ya kile kitenge. Lakini safari hii mukono uliokuwa juu yangu haukunirudisha chini. Uliniinua! Nilitoka nikakohoa, nikaona jua, nikaona vitenge vya mama zangu vimefunguliwa vinapepea hewani, na Kambo ndani ya maji mupaka magoti anakuja kwangu na nguo zake zote. Alinifunika na kitenge chake mwenyewe. Akaushika mukono wangu ulioloa, akahesabu vidole vyangu kimoja kimoja. Halafu akavihesabu tena. Tabia yangu hii ya kuhesabu mara mbili, sasa munajua nimeitoa wapi.

Usiku ule nililala mupaka jua la juu. Kesho yake Mama alimutumia Papa Kyungu habari kule Ankoro, pamoja na salamu: yule kuku arudi.

Sitwayeni alipata sinema yake ya pili, na ya tatu, na nyingine baadaye. Nilizama, nilipotea porini, niliumwa na nyoka upande wa Pepa, yote kwa bei nzuri. Gari la sinema likifika Ankoro, Kambo alikaa mbele kabisa kama zamani. Watu walipoanza kulia aliwageukia.

“Mutulie. Huyo nilimuona akitoka.”

Mupaka alipotuacha alisema hivyo. Naye tulimulilia kwa wakati wake, na jina lake liko kwangu.

Ndugu zangu, najua kati yenu kuna mutu aliyeliliwa akingali muzima. Jamaa wamemaliza kilio chake. Muume amempa mwingine nafasi yake, au dokta ametikisa kichwa, au yeye mwenyewe ameacha kuitika jina lake. Siahidi kwamba maji hayatakuwa na mawimbi. Nakuambia tu kwamba Yule aliyepita chini ya kitambaa kabla yetu bado ameuacha mukono wake juu ya maji, na hakuhitaji mbuzi. Muamini. Ingia.

Na kama unaogopa kuguswa, au unaogopa kugusa, mukono wangu huu hapa. Wa kwanza asimame, aje aushike.