Kitanda cha Tisa

Basi la asubuhi la Milwaukee lilielekea hospitali. Mzee Wendell alikuwa anakwenda kumwona mkewe, aliyelazwa kitanda cha tisa, wala hakutaka umbea. Ila wauguzi wawili waliokaa mbele yake walikuwa na sauti za kuamshia wagonjwa.

"Shahada yangu ya uzamivu ni ya kazi ya wodini, Renata, si ya vitabu," alisema mwenye kompyuta mapajani. "Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, vidonda vya mgongo vipungue. Fomu zimejaa alama za "amegeuzwa", na vidonda vimezidi! Kesho nawasilisha."

"Si wenzetu wametia alama bila kumgeuza mtu, ili ufaulu, Colleen? Wanakupenda."

"Wananipenda, mgonjwa anaoza! Miaka mitatu nasoma nikitoka zamu. Nikisema ukweli, naanza upya."

"Basi nyamaza."

"Na wewe je, ulitia?"

Renata alitazama dirishani. "Kitanda cha tisa tu. Nilikuwa hoi, shosti. Na yule bibi halalamiki."

Basi likasimama hospitalini. Colleen hakuinuka. Wendell naye hakuinuka. Kweli, miaka arobaini na moja ya ndoa, mkewe hakuwahi kulalamika.