Bibi Crucita Hasimulii Mwezi wa Tano

Baada ya miaka thelathini na minne katika shule yetu ya kijiji, Bibi Crucita Lovato anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Kwenye karatasi za ofisi ni msaidizi wa darasa. Kazi yake hasa ilikuwa kuwasimulia watoto hadithi kwa lugha yetu kila majira ya baridi, nao wakiitikia "eeh" kila anapovuta pumzi. Wakizubaa, anaikata hadithi na kuwarudisha kwenye hesabu.

Kamati ya kumuaga ilimwomba asimulie moja ya kuagia. Alitutazama kama watu tusiofunzwa nyumbani. "Nyoka wameshaamka, ninyi mnataka hadithi? Subirini theluji!" Kwetu hadithi husimuliwa majira ya baridi tu, nyoka wakiwa wamelala, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Tunamkumbuka mwalimu mkuu mmoja mgeni aliyepanga Siku ya Hadithi mwezi wa Nne. Bibi alifika, akawagawia wageni mkate wa tanuri, kisha akawachukua watoto wote kwenda kupanda pilipili.

Lakini theluji ijayo itamkuta nyumbani, na hilo limetunyima raha mwaka mzima. Nafasi yake imetangazwa mara mbili, hakuna aliyeomba. Sisi tuliobaki lugha tunaielewa, ila kuisema tunaogopa. Naye amechoka kweli. Magoti yanauma, sauti inakatika, wala hafichi: "Nimechoka, wanangu. Hata Mbweha mwenyewe, yule wa hadithi zangu, kanichoka."

Februari, katikati ya hadithi ya huyo Mbweha, alisinzia. Watoto waliitikia "eeh," lakini hadithi haikuendelea. Wilfred Toya, dereva wa basi la shule, alikuwa mlangoni akiwasubiri, kama alivyosubiri miaka yote huku akiilaani barabara. Kwetu hadithi haiachwi njiani. Wilfred akavua kofia, akaendelea, maneno akiyasahau na kuyatafuta upya. Mahali fulani akakwama. Ndipo Bibi, macho bado kayafumba, akaitikia kutoka kitini: "Eeh."

Wilfred anaapa kwamba Bibi hakuwa amelala hata kidogo. Bibi akiulizwa, anauliza kama kahawa ipo.

Basi ni Wilfred atakayeanza kusimulia theluji ikianguka, ingawa akikumbushwa tu jasho linamtoka. Bibi Crucita, asante kwa sauti yote uliyotumalizia. Tunakutakia usingizi wa kutosha na magoti yasiyouma, kuni tutakuletea. Siku theluji itakapoanguka, basi la shule litapita kwako kwanza. Hatukurudishi kazini. Tunataka tu mtu wa kuitikia.