Hofu Iliyonishika Ndani ya Wingu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu, na ninyi mliotoka Magomeni kwa miguu asubuhi hii! Sikusimama hapa kujisifu. Mimi ni rubani, lakini kwa miaka miwili niliogopa ndege.

Nilikuwa nikirusha ndege ndogo ya kupeleka dawa kusini. Siku moja tukaingia kwenye wingu zito, ndege ikarushwa juu chini, mikono yangu ikaganda kwenye usukani. Rubani mwenzangu ndiye aliyetuokoa, wala hakunisema kwa mtu. Nikaacha kuruka, nikasingizia ugonjwa wa masikio, nikawa karani wa ghala la ushirika hapa Kariakoo. Ndugu zangu, aibu inamla mtu akiwa hai!

Ndipo shirika moja la ndege likatangaza nafasi kwa marubani Watanzania. Nikafunga na kuomba. Kila jioni nikakaa kwenye kigoda chumbani, mwiko mkononi ndio usukani, zile saa za ndege zinazoonyesha kasi na kimo nimezichora ukutani kwa mkaa. Mke wangu, Mama Neema, anapita na sufuria yake, anapaza sauti: "Injini ya kulia imezima!" Nami nataja hatua zote. Majirani wakasema nimerogwa.

Asubuhi ya usaili nikamwambia mke wangu, "Habari ya lile wingu sitaisema."

Akaweka sufuria chini. "Baba Neema, umemwomba Mungu akutoe kwenye hofu, halafu unataka kumfichia?"

Nikapita Mnazi Mmoja nikizirudia hatua zangu. Kwenye usaili mwenyekiti akauliza, "Ndugu, kwa nini uliacha kuruka?" Nikasema kweli yote! Mwenyekiti akafunga faili langu.

"Twende kwenye mashine."

Ni mashine isiyopaa, inaiga ndege kwa saa zake na mitikisiko yake. Akaniingiza kwenye wingu, kisha akazima injini! Mikono ikatetemeka, ndugu zangu, ilitetemeka kweli! Lakini haikuganda. Nikaita, "Yesu!" Nikataja hatua ya kwanza, nikaifanya, ya pili, nikaifanya, hadi nikatua.

Mwenyekiti akasema, "Anayeijua hofu yake naweza kumfundisha. Utaanza chini kabisa, rubani msaidizi."

Nililia mbele yake bila haya.

Asante, Mungu wangu! Asante kwa mke asiyenibembeleza! Nawe ndugu uliyekaa nyuma hapo na jambo lako moyoni, usingoje upone ndipo uje. Njoo nalo hivyo hivyo. Yeye ni mwaminifu!