Papa Léonard, aliyeenda kuomba moto Buleusa

Kati ya Masisi na Walikale yote, mashine ikisikia tu jina langu, Élysée, inajitengeneza yenyewe mbele nifike. Njo maana wakubwa wa redio walinipa miye kazi ya kuandika juu ya Papa Léonard Byamungu, anayestaafu tarehe 30 Juni, kisha miaka ishirini na mbili ya kazi. Yeye hajui kutengeneza hata tochi. Lakini sauti zote za redio yetu, ni yeye alizichunga.

Kazi yake ilikuwa kutembea na mikro. Alirekodi wakimbizi wa kambi ya Lushebere wanaotafuta ndugu zao waliopotelea upande wa Walikale, kisha redio ya wenzetu kule Buleusa inatuletea majibu. Kusalimia ilikuwa ugonjwa wake. Alisalimia mupaka mbuzi zilizofungwa, akaziuliza habari za watoto. Ukienda naye kwenye arusi, munafika watu wanaosha sahani.

Sauti hizo zinakaa studio, ndani ya sanduku la diski. Mwaka uliopita kura ya groupe, ule umeme wa jenereta, ilikuja na nguvu mubaya, sanduku likazima, likakataa kuamka. Ndani mulikuwa na majibu mapya ya Buleusa ambayo hatukuwa tumeyasikiliza, na kule hawakubaki na nakala. Kila asubuhi Mama Josiane wa Lushebere alikuja kuuliza kama binti yake amejibu.

Directeur Marcellin alisema diski zimekufa. Miye nilisema tuzifute, tuanze upya, na nilisema kwa sauti ya mutaalamu. Papa Léonard alizitia chini ya mto wa kiti, akazikalia, akakataa kusimama mupaka tumupigie Solange, fundi wa Buleusa.

Solange alieleza kwamba sanduku haliamkii kwenye diski. Ndani yake kuna flash, kumbukumbu ndogo iliyoshikamana na plaki, ule ubao wa nyaya zake. Humo njo linasoma kwanza liko nani na diski zake ziko wapi. Tutoe diski zote, tuliwashe tupu. Flash ikiwa nzima, litalia hata bila diski. Tukaliwasha: kimya. Basi flash njo ilikufa, diski hazikuwa na kosa. Buleusa wana sanduku la aina ile ile, flash yake inaweza kunakiliwa kwenye kle, kale kajiti ka USB, na la kwetu liamkie hapo. Kwa internet haikuwezekana. Réseau ya kule haipitishi hata picha ya mutoto.

Papa Léonard akacheka, akasema hiyo ni kuomba moto kwa jirani tu, na kuomba moto anajua. Mama yake alimufundisha kwamba mwenye kubeba kijinga cha moto hasimami njiani kusalimia muntu, ao kitamuzimikia mukononi. Basi alienda, akatoka Buleusa na kle kifuani, muntu yule wa kusalimia mbuzi, akapita watu wote akinyoosha mukono tu. Alipita hata mama-mukwe wake pale Muheto. Mama yule alilia malalamiko mupaka kanisani, akanyamaza tu alipopewa jogoo ya kuombwa musamaha.

Kle iliingia, sanduku likalia, diski zikazunguka, na sauti zote zikarudi. Ya kwanza tuliyoifungua ilikuwa ya binti ya Mama Josiane: iko muzima, anakuja Lushebere, mama asihame.

Papa Léonard, redio yote inakushukuru. Mungu akupe siku nyingi Muheto, maharagi yenye kuzaa, na mama-mukwe mwenye kusahau.

Kitu kimoja tu kilienda mubaya kweli, na Papa Léonard mwenyewe ametaka kiandikwe hapa. Siku ile ya kle, njiani, mwanamuke mwenye godoro kichwani alimuita:

“Papa Léonard, mutoto wangu alijibu?”

Alinyoosha mukono, akaendelea kutembea. Alikuwa Mama Josiane, amechoka kungoja, anahama. Angesimama kidogo, wangerudi pamoja kusikiliza jibu. Binti alifika Lushebere kesho yake, akakuta hema ya mama yake iko tupu.