Felisian na Majina Yaliyofunikwa kwa Plasta

Tarehe 30 Juni 1986, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuinamia hadubini, Bwana Felisian Eusebio anastaafu kazi ya maabara katika hospitali yetu ya misheni, hapa Nachingwea. Alianza mwaka 1957 akiosha chupa. Mgongo umepinda, ubishi haujapungua; mimi Gregori wa chumba cha dawa nimekunywa naye chai miaka yote hiyo, naujua vizuri.

Alikuwa na utaratibu uliotuudhi. Kila slaidi, yaani kioo cha sampuli, aliifunika jina kwa kipande cha plasta kabla ya kuisoma, akidai kwamba jicho likijua jina huona linachokitaka. Wauguzi walimlaumu kwa kumaliza plasta za wodini.

Mwaka 1981 muuguzi mwenzetu Aurelia, mzaliwa wa Lionja, aliugua saratani ya damu. Dawa zilifika kwa shida kutoka Dar es Salaam, zikamtoa nywele zote. Mwezi wa tatu wa matibabu damu ya kidole chake ilionekana safi, na Felisian mwenyewe ndiye aliyetutangazia. Tulishangilia! Ndugu zake walileta kuku, lori la kumpeleka kwao likapatikana, nami nikafungasha dozi zilizobaki ili zirudishwe.

Asubuhi ya safari, Felisian alikuwa akisoma slaidi za uboho wa mifupa zilizochukuliwa jana yake. Katika moja aliona chembe mbaya zimejikusanya. Akabandua plasta, akakuta jina la Aurelia.

Felisian hakimbii hata mvua, lakini siku ile alikimbia. Lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Akasimama mbele yake. Mama yake Aurelia alimtolea kwa Kimwera maneno ambayo sitayaandika hapa. Felisian aliyapokea yote, kisha akamweleza polepole kwamba uboho ni kitalu cha damu, na chembe hizi hazikai humo kama wageni: zinakigeuza kitalu kizilishe na kuzificha dawa isizifikie. Damu ya kidole huonyesha kilichotoka, si kilichobaki ndani. Mama aliketi chini vumbini. Mimi nilifungua tena kasha la dawa.

Matibabu yaliendelea miaka miwili zaidi. Kila slaidi ya uboho iliyokuja siku hizo Felisian aliisoma mara tatu, na chai yake ilipoa mezani.

Leo Aurelia ni msimamizi wa wodi ya kina mama. Wiki iliyopita Felisian alisoma slaidi yake ya mwisho kazini, ya uboho, akaikuta safi. Alipobandua plasta, alituita sote tuje tusome jina la Aurelia kwa macho yetu.

Asante sana, Felisian. Nenda Nanganga ukapalilie mikorosho yako kwa amani na afya tele. Plasta tutaendelea kununua.