Mgonjwa wa Mfano

DOKTA: Haloo, Kituo cha Tiba ya Maumbile, mwili ndio mganga wa kwanza, mimi ni msaidizi wake tu. Nani mwenzangu?

FUNDI: Msaidizi, ni dada yako.

DOKTA: Aa, dada! Shikamoo.

FUNDI: Marahaba. Siku hizi kukupata mpaka mtu apite kwenye hotuba?

DOKTA: Wateja wanaipenda. Vipi cherehani?

FUNDI: Nimekizima, nikusikie vizuri. Hebu nifundishe hiyo kazi. Kwenye wiki zako tatu za semina—

DOKTA: Miezi mitatu!

FUNDI: Wiki tatu. Hiyo mingine ulikuwa unasubiri cheti. Haya, mlisoma nini?

DOKTA: Msingi ni huu. Mwili una nguvu ya kujiponya wenyewe. Sisi tunauondolea tu vizuizi—

FUNDI: Kwa hiyo gauni likichanika nilianike juani, lijishone.

DOKTA: Gauni halina uhai, dada. Ile siku sindano ya cherehani ilipokutoboa kidole, nani alikiziba? Si kilipona chenyewe?

FUNDI: Hapo umenipata. Endelea.

DOKTA: Halafu hatukimbizani na dalili, tunatafuta chanzo. Mtu kichwa kinamgonga, mnampa kidonge, kumbe halali, hanywi maji, ana mawazo. Sisi tunamtibu mtu mzima: chakula, maji, jua, usingizi, kutembea—

FUNDI: Hayo hata nesi wa kliniki kamwambia mama. Apunguze chumvi, atembee. Na wala hakudai aitwe Dokta.

DOKTA: Umeanza.

FUNDI: Na lile la kwenye bango lako, pale mlangoni?

DOKTA: "Kwanza, usidhuru."

FUNDI: Rudia, mtandao unakwaruza.

DOKTA: Usidhuru!

FUNDI: Ahaa. Vidonge vya presha vya mama ulimwachisha lini?

DOKTA: Miezi miwili sasa! Anakunywa unga wangu wa majani, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Presha yake, dada, imetulia kama maji ya mtungini. Nampima mwenyewe kila Jumapili na kuandika kwenye daftari. Hao wa hospitali wangekuja kujifunza kwa—

FUNDI: Mama kaniletea leo asubuhi gauni lake la kijani, nilipunguze urefu.

DOKTA: Sasa gauni linaingiaje hapa?

FUNDI: Nimefumua upindo. Unajua kilichodondoka?

DOKTA: Nini?

FUNDI: Vidonge vya presha.

DOKTA: Vya zamani hivyo.

FUNDI: Vya mwezi huu, tarehe ipo kwenye bahasha. Kavishonea humo kwa mkono wake, ile mishono yake mirefu mirefu, halafu akasahau kuvitoa. Nimempigia, kacheka mpaka kakohoa. Hajaruka hata siku moja. Unga wako anamwagia maua. Maua yenyewe yamekauka.

DOKTA: Mbona... kwa nini asiniambie?

FUNDI: "Mwache mwanangu, ndiyo kwanza kapata kazi ya kumtuliza." Mama yako huyo. Kidonge mdomoni, makofi mkononi. Kakuvika kilemba cha ukoka, nawe ukatembea nacho mjini!

DOKTA: Kwa hiyo daftari...

FUNDI: Daftari zuri sana. Kila ukurasa unaisifia hospitali.

(Mtandao unakwaruza.)

FUNDI: Haloo? Umelala?

DOKTA: Nipo.

FUNDI: Sasa nikuulize kilichonifanya nipige. Hilo daftari la mama umewaonyesha wangapi?

DOKTA: Dada, mimi nilikuwa na nia—

FUNDI: Wangapi wameacha vidonge kwa sababu ya mama?

DOKTA: Kumi na mmoja.

FUNDI: Mungu wangu. Na hilo koti jeupe nikakushonea mimi, kwa mikono yangu hii. Nikakuwekea na mfuko wa kalamu.

DOKTA: Dada...

FUNDI: Hao kumi na mmoja, nao wana vya kuficha kwenye upindo? Au wao walikuamini kweli?

DOKTA: Nitumie vocha. Salio langu halifiki popote. Niwapigie, warudie vidonge, waende kliniki leo leo.

FUNDI: Natuma sasa hivi. Simu kumi na moja.

DOKTA: Kumi.

FUNDI: Kumi vipi? Umesema kumi na mmoja.

DOKTA: Mmoja hapokei. Tangu juzi.

FUNDI: Tangu juzi! Na wewe umekaa tu?

DOKTA: Nilijua kalala. Nilimwagiza apumzike sana.

FUNDI: Kwake unapajua?

DOKTA: Napajua.

FUNDI: Basi kwenye simu bado unafanya nini? Hao kumi nipe namba zao niwapigie mimi, wewe kimb— (Mlango unabamizwa, miguu inakimbia.) Haloo? Haloo?