Ilaitia Navuda na Boliti Mbili za Juu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, siku lori la mwisho la miwa litakapopimwa kiwandani, Bwana Ilaitia Navuda atavua ovaroli baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya ushirika wetu hapa Seaqaqa, Fiji. Alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Aliahirisha mara mbili, na uongozi ukamsifu kwa kuipenda kazi. Mimi, Surend Goundar, mtunza stoo na mtani wake, naujua ukweli, na leo nausema.

Alianza mwaka 1991, na ovaroli ya kuazima, chini ya Mzee Permal, fundi wetu wa kwanza. Malori yetu ni makuukuu na mafundi wa kampuni wako ng'ambo ya bahari, Suva, kwa hiyo kila kitu tunajitengenezea wenyewe. Aliyewahi kushusha giaboksi ya lori anajua kazi iko wapi. Boliti za chini hata mimi nazifungua. Balaa ni mbili za juu, zilizojificha kati ya giaboksi na sakafu ya kebini. Huzioni. Unalala chali juu ya kadibodi, unapenyeza mkono hadi begani, na vidole vinafanya kazi ya macho.

Ilaitia ndiye aliyetuonyesha kushusha kidogo mkia wa giaboksi kwa jeki ili injini iinamie nyuma na nafasi ipatikane juu, na kupaka grisi ndani ya soketi ya spana ili boliti isidondoke. Kwa ujanja huo hakuna lori letu lililokosa msimu. Kwenye meza pia ni hodari: Diwali iliyopita alimaliza roti kumi na moja za mke wangu, kisha akauliza chakula kinaanza saa ngapi.

Mzee Permal alifia kazini Agosti 1998, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Moyo ulisimama akiwa chini ya lori namba saba, mkono wake ukiwa juu ya giaboksi. Boliti moja alikwisha kuikaza. Ya pili alikuwa nayo kiganjani. Mimi ndiye niliyempa. Tulipomtoa, kiganja kilikuwa kitupu. Siku ya nne Ilaitia aliingia kuimalizia kazi ya mwalimu wake, akaikuta boliti ya pili imekazwa.

Watani wangu Wafiji wakinyoosha mkono juu ya kichwa cha mtu husema "tilou", niwie radhi, hata kama wanachukua chumvi tu rafuni. Tangu siku ile, Ilaitia hajapitisha mkono juu ya giaboksi bila kusema tilou. Nilimcheka miaka mingi.

"Unamwomba radhi nani, mtani? Panya?"

"Mwenye kichwa," alijibu bila kugeuka.

Nikacheka tena, lakini niliacha kuegemea lile lori. Mahali penye oili tupu nilikuwa nikinusa mafuta ya nazi, yale aliyokuwa akipaka Mzee Permal kwenye nywele.

Mafundi wawili waliajiriwa kumrithi Ilaitia. Wote walikuwa hodari, wote walipenyeza mkono bila kusema neno, na wote waliacha kazi wiki ileile waliyoanza, mmoja akiacha hata viatu vyake. Ndiyo sababu ya kuahirisha. Ilaitia aliona vibaya kumwacha Mzee Permal mikononi mwa watu wasiomjua.

Alhamisi iliyopita alinitupia kadibodi kando ya lori namba saba. "Leo wewe."

"Mimi mtu wa stoo, bwana!"

"Mkono mwembamba unao, na mdomo mrefu unao. Ingia."

Niliingia na kiburi changu, kimya. Boliti ikaniponyoka. Nikasubiri igonge sakafu. Haikugonga. Nikachukua ya pili. Nayo ikaponyoka, na sakafu ikanyamaza. Niligeuza shingo nimtazame Ilaitia. Alikuwa ameketi juu ya tairi kule mlangoni, ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili.

Ndipo nikasema, "Tilou, Mzee Permal. Ni Surend, wa stoo."

Boliti ikawekwa kiganjani mwangu. Haikuanguka, iliwekwa. Kisha ya pili. Zote zilikuwa na joto, kama zimeshikwa kwa muda mrefu. Nililia pale chini, na sioni haya kuliandika.

"Haya, amekukubali," Ilaitia alisema. "Sasa naweza kwenda kulima magimbi."

Nilipotoka nilimuuliza kama haogopi kwamba siku yake ikifika, naye atarudi pale juu.

"Tutabanana tu," akasema. "Tumezoeana."

Ilaitia, kwa niaba ya madereva, wakulima na wote uliowarudisha nyumbani salama, ahsante. Kuanzia Jumatatu mkono ni wangu, na salamu zako nitazifikisha kila nikiingia. Lima, ule, ucheze na wajukuu, uishi miaka mingi myema. Na usiwe na haraka ya kurudi, mtani wangu. Nimepagusa kwa mkono wangu pale juu: nafasi ni ya mtu mmoja.